Kona ya Msiu Usiinyooshe

Busi,
14 Januari 2025

Emilia,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yangu utaijua ukisoma, na yako siiulizi, maana mtu mwenye hali nzuri hamtupi bibi yake hivi.

Kishikwambi chako kimeharibika. Usiniambie nimekiangusha. Sijakiangusha. Nakifuta kwa khanga safi, nakifunga kwenye nailoni na kamba ya mpira, fundo lile lile nililomfundisha baba yako kufungia simu yake masika, halafu nakilaza juu ya kabati ambako kuku hawapandi. Jana jioni baada ya kukamua nilikaa, nikabonyeza pale ulipobandika plasta, kama kila siku. Lori la baba yako likatoka Dodoma vizuri, likapita mashamba ya zabibu, likapita Haneti, likavuka daraja la Msiu, likaja mpaka kwangu. Halikusimama. Halikupiga honi. Na nyumba yangu haina bati! Kuta zipo, juu wazi, kama nyumba ya mtu aliyekufa bila ndugu. Lori likapita mbele ya mlango kama hatujuani.

Nikabonyeza tena. Likapita tena.

Mke mwenzangu, ni wewe uliyenikalisha hapa mwezi wa saba ukasema, Bibi, nimekutengenezea barabara yetu yote ndani ya gemu la malori, na lori la baba nimeliweka lile lile la bluu lenye maandishi ya MAMA NIMEFIKA mgongoni, ukibonyeza linajiendesha lenyewe mpaka mlangoni na linapiga honi tatu kama alivyokuwa akipiga. Nikakwambia hayo mambo ya kitoto. Lakini nilibonyeza. Sasa nani amekutuma unizoeze kitu halafu ukinyang'anye? Mwaka mzima sasa tangu baba yako atoke Dodoma na lori, hajafika. Mazengo, tajiri wake, kila mnada anatangaza kwamba mwanangu kaiba lori na saruji na mabati. Na wewe nawe unaniondolea honi.

Fulgence, huyu anayenichajia, anasema gemu lilijivuta lenyewe kwenye mtandao wa banda lake. Nimemwambia kitu hakijivuti, mjinga ni yeye. Akacheka. Na meno yake yale.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu mpaka nipande kilimani, na kilimani kuna masikio. Mimi kalamu niliishika kwenye kisomo cha watu wazima, baba yako yuko mgongoni, na darasa zima mimi ndiye wa kwanza kuandika jina lake bila kutazama ubao. Barua naifunga mwenyewe, nampa konda wa basi mkononi.

Rudisha lori langu.

Mimi,
Sidonia, mama yake Wilbert aliye hai


Dodoma,
22 Januari 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako imefika mpaka ofisini kwetu Mtumba. Mlinzi wa getini aliisoma bahasha kwa sauti, kwa sababu uliandika "Apewe Emilia asiyejibu." Sasa ofisi nzima wananiita hivyo.

Bibi, hujaharibu kitu, na Fulgence hajadanganya. Gemu si langu. Lina wenyewe, wako nje huko, hata sura zao sizijui. Nilichotengeneza mimi kinaitwa modi. Chukulia ni kiraka nilichoshona juu ya nguo ya mtu. Barabara yetu, nyumba yako, lori la baba, honi, vyote ni viraka. Wenyewe wakiamua kubadilisha nguo wanatoa apdeti, hawamuulizi mtu, na viraka vyetu vinabaki vinaning'inia. Siku ya apdeti sisi watengeneza modi wote ni kilio. Mwenzangu mmoja basi lake lilibaki magurudumu tu, linakwenda na abiria wamekaa hewani.

Nimekushonea upya. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo, usiilambe wala usiikunje. Mpe Fulgence aichomeke. Bati lako litarudi, na baba atapiga honi. Ni honi yake mwenyewe, alinirekodia. Hata barabara ni yake. Unakumbuka nilimwekea kwenye simu kitu cha kuchora njia, kila safari anayokwenda mstari wake unakuja kwangu? Ndiyo maana kona zote unazijua. Ninakuomba kitu kimoja: kishikwambi kisishike mtandao tena.

Mama anakusalimia kutoka Chamwino. Anauliza tena habari ya mkeka. Anasema mwaka umepita na wazee wanataka matanga yawekwe ili na yeye ajue yeye ni nani, mke au mjane. Mimi nimefikisha tu, usinigombeze.

Mjukuu wako,
Emilia


Busi,
5 Februari 2025

Emilia anayejibu,

Honi imerudi. Nilikuwa nimeshika kata ya maziwa, nikaimwaga. Debora, mke wa Fulgence, anakuja kutazama kila jioni na anajifanya amekuja kuomba chumvi. Nimemwambia aje na kigoda chake.

Sasa la mama yako. Mwambie Editha hivi: hapa kwangu mtu ambaye hajazikwa hatandikiwi mkeka. Sijanyoa nywele na sinyoi. Namnyolea nani? Alionekana Tunduma. Yule mfanyabiashara wa ufuta alimuona kwa macho yake, na kofia yake, anakula chipsi. Na siku ile alipopotea, si ni Editha mwenyewe alikuwa akimpigia simu, ikawa inaita? Iliita mchana kutwa. Korongo lilikuwa limejaa, mvua ile, watu wakaanza kusema ooh maji, ooh maji. Simu ya mtu aliyezama haiiti. Inakuwa maji kama yeye. Simu ikiita, maana yake mtu yupo anaitazama, hataki kupokea. Ana sababu zake.

Mazengo aliwatuma vijana wake hapa Jumapili, watu wanatoka kanisani. Wakasema mbele ya wote, huyu ndiye mama wa mwizi. Wakasema, kwa nini safari ile utingo wake alimwacha mjini, si alikuwa amepanga? Nikawaambia utingo alikuwa na homa, na hata akiwa mwizi, mwizi wangu yupo hai, wa kwenu yuko wapi? Wakaondoka. Wewe unadhani sikuumia? Mtu aliye hai siku moja atarudi ajibu mwenyewe. Mimi sina haraka.

Kuna jambo nikwambie usipige kelele. Juzi kishikwambi kimeniuliza swali. Kiswahili safi kabisa: kuna toleo jipya, je, ungependa kusasisha? Nilikuwa kwa Fulgence. Mimi sikulelewa kuulizwa kwa adabu nikanyamaza. Nikabonyeza ndiyo.

Bado sijalitazama. Nitakwambia.

Sidonia, mama yake Wilbert aliye hai


Busi,
21 Februari 2025

Emilia,

Hujajibu na mimi siwezi kungoja.

Bati lipo. Nyumba ipo. Tatizo si hapa kwangu. Lori linatoka Dodoma, linapita zabibu, linapita Haneti, linakuja vizuri na taa zimewashwa. Likikaribia daraja la Msiu linakata kona kushoto. Linaacha barabara. Linashuka kwenye korongo, linapinda na korongo, linapinda tena, halafu linasimama. Taa zinabaki zinawaka. Linakaa hivyo mpaka kioo kinazimika chenyewe. Nikibonyeza, linaanza tena Dodoma.

Siku ya kwanza nilidhani ni macho. Siku ya pili nikamwita Debora, akaona. Siku ya tatu hakuja, alisema ana mtoto mgonjwa. Hana mtoto mgonjwa, nimemwona mtoto yule akikimbiza mbuzi.

Nimemsemesha. Ndiyo, nimekisemesha kioo, cheka. Nimemwambia Wilbert, pita darajani baba. Anakata kona.

Umemfundisha wewe huko? Kama ni mchezo, acha mara moja. Kama ni wale wenye gemu, waandikie, waambie hapa kuna mtu mzima anatazama.

Sidonia, mama yake Wilbert


Dodoma,
2 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimebana. Kona ile ni hitilafu tu. Mstari niliotumia kuliongoza lori ulikuwa na kasoro pale Msiu, nadhani mawingu yaliichanganya simu na satelaiti. Mimi nilipokuwa natengeneza niliunyoosha upite darajani. Kunyoosha kwangu kulikuwa kwenye kiraka, apdeti imekibandua, mstari umerudi ulivyokuwa. Basi. Hakuna aliyemfundisha.

Nakutumia kadi nyingine. Ukiweza usilitazame kabla Fulgence hajaichomeka.

Bibi, huko Msiu chini ya daraja kuna njia? Yaani gari linaweza kushuka? Na ile mvua ya mwaka jana daraja lilipitika?

Nauliza tu kwa ajili ya kuchora vizuri.

Emilia


Busi,
17 Machi 2025

Emilia,

Kadi imechomekwa. Lori linavuka daraja kama maji, linafika, honi tatu. Nilipaswa kufurahi. Sasa naona linafika upesi mno. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo.

Umeniuliza maswali ya polisi halafu ukasema ni ya kuchora. Mimi nimezaa baba yako na nimekuogesha wewe kwenye beseni, usinizunguke. Haya, nakujibu.

Daraja la Msiu siku ile lilikuwa chini ya maji, hata basi lililala ng'ambo. Njia ipo. Si ya magari, ni ya ng'ombe. Inaanza kushoto kabla ya daraja, inashuka mpaka korongo linapokuwa pana na mwamba uko karibu chini ya mchanga. Zamani hakukuwa na daraja, tulikuwa tunapita pale. Baba yako amechunga pale tangu meno ya mbele hayajaota. Wenyeji wakikuta daraja limefunikwa wanajaribu kule. Wageni hawaijui.

Mwenye kuijua anaweza kujidanganya kwamba inapitika. Hilo umeniuliza? Hukuniuliza, lakini nimelijibu.

Pale kwenye upana ndipo wanawake wa huku tunapochimba visima vya mchanga kiangazi. Debora kaniambia jana kitu ambacho hata mimi nilikiona nikanyamaza, kwamba kiangazi kilichopita maji ya pale yalikuwa na ladha ya kutu. Tulisema ni mwaka mbaya. Tukayanywa, tungekunywa nini?

Niambie unachojua.

Sidonia


Dodoma,
30 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Naandika tu.

Nilipotengeneza modi nilikuwa na mistari mingi ya safari za baba. Nikachukua wa juu kabisa, kwa sababu ulikuwa wa juu. Sikutazama tarehe. Au niliitazama nikakataa kuiona, sijui, nilikuwa silali vizuri miezi ile. Uliponiandikia habari ya kona nikaufungua tena. Ni wa siku ile, Bibi. Ni safari ya mwisho.

Unatoka Dodoma, unapita njia yote unayoijua. Kabla ya daraja unasimama muda mrefu, kama mtu anayetazama maji. Halafu unakata kushoto. Unakwenda polepole, polepole, kisha ghafla unakwenda kasi kuliko lori linavyoweza kwenda kwenye mchanga, unafuata korongo, unapinda na korongo. Halafu unasimama. Haukati. Simu ilikaa pale ikituma mahali pale pale, mpaka chaji ikaisha. Kutoka pale mpaka kwako nilichora mimi kwa safari nyingine.

Sijamwambia mama. Sijamwambia mtu.

Mazengo amefungua kesi. Anataka nyumba ya Chamwino anayokaa mama, iwe fidia ya lori, na imepangwa mwezi wa sita. Wakili anasema kama baba angekuwa ameonekana, au lori, tungekuwa na la kujitetea. Akiwa hai, basi ni mwizi kama wanavyosema. Akiwa si mwizi, basi...

Bibi, wewe ndiye mwenye mtoto. Ukisema ninyooshe, nitanyoosha. Kila apdeti itakayotoka nitashona upya, hata nikizeeka, na kila jioni atafika na atapiga honi. Hakuna atakayejua isipokuwa sisi wawili. Ukisema vingine, nitakuja.

Emilia


Busi,
19 Aprili 2025

Emilia,

Nimekusomesha nini mimi? Niliuza ng'ombe ukaenda kujifunza mashine, sasa mashine inakuja kuniambia mwanangu yuko wapi. Mawingu yaliichanganya, hukusema hivyo mwenyewe? Mwezi wa tatu mawingu, mwezi huo huo si mawingu tena. Chagua moja.

SIMU ILIITA. Hilo mstari wako haulijui. Iliita mchana kutwa. Editha alikuwa amekaa kwenye kile kibaraza anabonyeza, inaita, anabonyeza, inaita. Nani amewahi kusikia simu inaita ndani ya maji?

Yupo Tunduma. Nyoosha hiyo kona, na usiniandikie tena mpaka uwe na akili.

Sidonia, mama yake Wilbert ALIYE HAI


Chamwino,
4 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Kona iko kama ulivyoiacha, kadi uliyonayo inafanya kazi. Lakini wenye gemu wametangaza apdeti nyingine kubwa mwisho wa mwezi huu. Ukishika mtandao baada ya hapo, kiraka kitabanduka. Usiposhika, hakitabanduka. Sitakutumia kadi nyingine mpaka uniambie.

Nimetafuta jibu la swali lako kwa siku nyingi, na lilikuwa kwenye barua yako ya kwanza. Masika simu yake ilikuwa kwenye nailoni.

Emilia


Busi,
8 Juni 2025

Mjukuu wangu Emilia,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na mama yako awe karibu. Usimsomee njiani.

Nililiacha lori lifike kila jioni mwezi mzima wa tano. Nilijipa hiyo ruhusa. Honi tatu, nazima, nalala. Halafu nikaona nazima kabla ya honi. Halafu nikaona nazima Haneti. Siku nyingine sikuwasha kabisa, nikakaa tu na kitu kile mapajani, kimefungwa kwenye nailoni yake, natazama fundo.

Alhamisi nilikwenda kwa Fulgence nikamwambia washa mtandao. Akasema Bibi Sidonia, Emilia alikataza. Nikamwambia Emilia ni mjukuu wangu, si mama yangu. Akawasha. Kikaniuliza tena kwa adabu yake ile ile, je, ungependa kusasisha? Safari hii nilijua ninachojibu.

Nyumba yangu ilipotea. Yote, si bati tu. Honi ilipotea. Barabara ikabaki, na lori. Nililitazama pale pale bandani, Fulgence, Debora, na Gideoni mwenyekiti wa kitongoji, ambaye nilimwita makusudi kwa sababu ana ulimi mrefu na nilitaka shahidi mwenye ulimi. Likaja. Likakata kona. Debora akaziba mdomo. Nikawaambia tazameni vizuri linaposimama. Likapinda mara moja, likapinda tena. Debora akasema, ni pale tunapochota. Nikamwambia najua.

Tulikwenda asubuhi na majembe, wanaume kwa wanawake. Mimi nilipandishwa punda, nikaona aibu lakini nikapanda. Wanaume walitaka kuchimba kwenye mwamba. Nikawaambia hapana, chimbeni kwenye kisima cha Debora, kile chenye kutu. Walichimba mpaka mchanga ukawa unaporomoka wanauzuia kwa mbao. Sauti ya jembe ilibadilika. Sikuwa na haja ya kuambiwa.

Saruji yote iko pale, Emilia. Mifuko imeoza, saruji yenyewe imekuwa jiwe, jiwe lenye sura ya mfuko. Hakuuza hata mmoja. Mabati yapo, yamejikunja kama karatasi. Gideoni ameshuhudia, wa serikali wamekuja wameandika, mwambie wakili. Mwambie na Mazengo. Au usimwambie, Gideoni ameshakwenda mnadani.

La kabini ya dereva sikusimulii. Nilikuwepo, inatosha. Niliomba kitu kimoja tu nikapewa. Nailoni imetoboka kwa pembeni, simu imeliwa na kutu. Lakini fundo halijafunguka. Ni fundo langu. Mwaka na nusu kwenye mchanga na maji, na halijafunguka. Ndiyo maana iliita. Mimi nilikaa hapa nikasema hataki kupokea, ana sababu zake.

Mwambie Editha nimesema ameshinda, na sitaki anijibu kwa maneno, aje tu. Mkeka nimeutandika leo. Wazee wa kanisa wamekubali maziko yawe Alhamisi ijayo. Uje na wembe mpya, za hapa anazouza Fulgence ni butu. Utaninyoa wewe. Mama yako nitamnyoa mimi.

Kishikwambi chako nimekifunga, kipo juu ya kabati, utakichukua. Wakitoa apdeti nyingine usishone tena. Nyumba yangu usiirudishe, ninayo moja hapa, inatosha. Na kama barabara ile bado itabaki kwako huko, kona ya Msiu usiinyooshe. Iache kama alivyoipita.

Mtakuja na gari, najua, mama yako hapandi basi na msiba. Mwambie dereva akifika kwangu asipige honi.

Sidonia, mama yake marehemu Wilbert